Nyumba ya Katikati na Nchi ya Kati

Mwezi wa Julai mwaka 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imetoka katika daraja la nchi zenye kipato cha chini na kuingia katika daraja la nchi zenye kipato cha kati, ngazi ya chini. Tangu siku hiyo neno hili "kati" limekaa majukwaani kama mgeni asiyetaka kuaga. Sisi hatuna ugomvi na tangazo lenyewe. Hesabu ile ilifanywa kwa kanuni inayojulikana: pato la nchi nzima la mwaka 2019 liligawanywa kwa idadi ya watu wote, ikapatikana kiasi cha dola 1,080 kwa kila kichwa, na mstari uliowekwa kwa daraja hilo ulikuwa dola 1,036. Mstari ukavukwa, basi. Ugomvi wetu ni na wale waliolichukua neno hilo wakalivisha kanzu isiyokuwa yake, wakawaambia watu wa Wingwi na Msuka na Kiuyu kwamba wao sasa ni watu wa kipato cha kati.

Kati ya nchi miongoni mwa nchi nyingine ni jambo moja. Kati ya nyumba miongoni mwa nyumba za wilaya moja ni jambo jingine kabisa. Mwanachama anayetaka kusimama mbele ya watu na kujibu hoja hana budi kuijua tofauti hiyo kama anavyoijua njia ya kwao.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kijiji chenye nyumba tisa tu. Kwa mwezi nyumba ya kwanza hupata shilingi 80,000, ya pili 95,000, ya tatu 110,000, ya nne 130,000, ya tano 150,000, ya sita 170,000, ya saba 210,000, ya nane 300,000, na ya tisa, ambayo mwenyewe ana hoteli ufukweni, hupata 3,000,000. Ukizijumlisha zote na kuzigawa kwa tisa utapata shilingi 471,667. Huo ndio wastani, na nyumba nane katika tisa haziufikii wala haziukaribii. Lakini ukizipanga kwa safu, kuanzia yenye kidogo hadi yenye kingi, ukahesabu nne huku na nne kule, utaikuta nyumba ya tano imesimama katikati na shilingi zake 150,000. Hiyo ndiyo nyumba tunayoitaka. Sasa mwenye hoteli akipata mara mbili ya alivyokuwa akipata, wastani wa kijiji unaruka hadi 805,000, na nyumba ya katikati inabaki na 150,000 zake zile zile. Anayesoma wastani atasema kijiji kimetajirika; anayesoma nyumba ya katikati atasema hotelini kumetajirika.

Visiwa vyetu leo vimo katika hali hiyo hasa. Fedha za watalii huingia kwa wingi, nazo huingia zaidi Unguja kuliko Pemba, na katika Unguja huingia zaidi katika pwani chache kuliko kwengineko. Basi swali la haki si kwamba pato la Zanzibar limekuwa kiasi gani. Swali ni hili: nyumba ya katikati ya Wilaya ya Micheweni ilipata nini mwaka 2005, ikapata nini mwaka 2010 na 2015 na 2020, na yapata nini leo? Swali hilo hatulisikii likijibiwa majukwaani. Na tukiri kwa insafu kwamba kulijibu si kazi nyepesi, hata kwa mtu mwenye nia njema.

Vyombo vya kulijibia vipo. Serikali ya Zanzibar imefanya Uchunguzi wa Mapato na Matumizi ya Kaya mwaka 2004/05, kisha 2009/10, kisha 2014/15, kisha 2019/20. Hii ni kazi ya maana na watakwimu waliotembea na madaftari yao mvua na jua wanastahili shukrani. Lakini jambo la kwanza la kujua ni kwamba katika kupima umasikini uchunguzi huu haukutegemea sana kile ambacho nyumba imepata. Ulitegemea kile ambacho nyumba imetumia. Upo ushahidi mzuri wa kufanya hivyo, na tutaufikia. Jambo la pili ni zito zaidi, na tunaomba lisomwe mara mbili.

Uchunguzi wa 2004/05 ulisema kwamba katika kila watu 100 wa Zanzibar, 49 wako chini ya mstari wa mahitaji ya lazima. Uchunguzi wa 2009/10 ulipotoka ulisema ni 44. Uchunguzi wa 2014/15 ukasema ni 30, na wa 2019/20 ukasema ni 26 kwa kukaribisha. Mtu akizipanga namba hizi kwa safu, 49, 44, 30, 26, ataona ngazi inayoshuka kwa kasi ya ajabu, hasa pale baina ya 2010 na 2015 ambapo watu 14 katika kila 100 wanaonekana kutolewa katika umasikini kwa miaka mitano. Ila ngazi hiyo ina kipago cha uongo. Ilipofika 2014/15 kanuni ya kupima ilibadilishwa, na mstari wenyewe ukawekwa upya. Kwa hivyo hesabu za 2009/10 zilirudiwa kwa kanuni mpya, na zikatoa 34.9 badala ya 44. Basi mwaka mmoja, visiwa vile vile, watu wale wale, una namba mbili. Ukilinganisha kitu na mwenziwe, kushuka kwa kweli baina ya chunguzi mbili hizo ni kutoka 34.9 hadi 30.4, yaani watu wanne na nusu katika 100, si 14.

Hatusemi kwamba kuna aliyedanganya. Kurudia hesabu kwa kanuni moja ndiyo kazi sahihi, na ilifanywa hadharani. Tunasema kwamba mwenye kuchukua 44 ya kanuni ya kale akaiweka kando ya 30 ya kanuni mpya amepima kitambaa kwa dhiraa upande mmoja na kwa yadi upande wa pili, kisha anadai kimeongezeka. Na tunawaambia vile vile wasemaji wa upande wetu, maana kosa hili halina chama: yupo asemaye hadi leo kwamba katika Micheweni watu saba katika kumi na zaidi ni masikini, na namba hiyo aliichukua katika uchunguzi wa 2004/05. Namba ya miaka ishirini iliyopita, ya kanuni iliyokwisha kuachwa, haiwezi kuwa hoja ya leo. Tukiitumia tutajibiwa, na tutakuwa tumestahiki kujibiwa.

Kwa kanuni hiyo mpya ipo habari nyingine isiyosemwa sana. Wakati Zanzibar kwa jumla ilishuka kutoka 34.9 hadi 30.4, Pemba ilipanda kutoka kiasi cha 48 hadi kiasi cha 55. Namba moja ya Zanzibar ilificha visiwa viwili vinavyokwenda njia mbili. Na namba moja ya Pemba, kwa jinsi hiyo hiyo, inaweza kuficha wilaya nne. Ndiyo sababu tunataka kushuka hadi wilayani.

Lakini kadiri unavyoshuka ndivyo ardhi inavyozidi kuteleza. Sensa ya 2012 ilikuta watu zaidi ya laki moja katika Micheweni, yaani ukikadiria watu watano kwa nyumba, nyumba kama elfu ishirini. Hakuna uchunguzi wa mapato unaoingia nyumba zote hizo. Tuseme zimechaguliwa nyumba 400 kwa kura. Ukizipanga kwa safu, nyumba ya katikati iko baina ya ile ya 200 na ile ya 201. Je, hiyo ndiyo nyumba ya katikati ya wilaya nzima? Huenda, na huenda sivyo, kwa sababu kura ingeweza kuangukia nyumba nyingine. Wajuzi wa takwimu wana kipimo chepesi cha jambo hili: chukua kipeuo cha pili cha idadi ya nyumba, ambacho kwa 400 ni 20, kisha rudi nyuma kiasi hicho na nenda mbele kiasi hicho. Unaweza kusema kwa yakini ya mara 95 katika 100 kwamba kipato cha katikati cha wilaya kimo baina ya kipato cha nyumba ya 180 na kile cha nyumba ya 220 katika safu yako. Kama nyumba zilizochaguliwa ni 100 tu, basi ni baina ya nyumba ya 40 na ya 60, na hapo masafa ni makubwa: mmoja anakula mara mbili kwa siku na mwenziwe ana pikipiki. Na kwa kuwa watafiti hawachagui nyumba moja moja katika wilaya nzima, bali huchagua maeneo machache kisha nyumba kadhaa katika kila eneo, na majirani hufanana, masafa huwa mapana zaidi ya hayo.

Basi mtu akikwambia kipato cha katikati cha wilaya fulani kimepanda kutoka 150,000 hadi 160,000, muulize kwanza: masafa yake ni yapi? Kama namba ya kwanza ilikuwa na masafa ya 135,000 hadi 165,000, na ya pili ina masafa ya 142,000 hadi 180,000, basi hajakwambia kitu. Huenda imepanda, huenda imesimama, na huenda imeshuka.

Taabu hii si yetu peke yetu, na si ya masikini peke yao. Marekani, yenye idara ya sensa kubwa kuliko idara nyingi za dunia, ina kaunti zaidi ya 3,000, na nyingi kati ya hizo ni za mashamba na watu haba. Kaunti ya Loving katika jimbo la Texas ilikutwa na watu 64 katika sensa ya 2020. Kwetu hao ni watu wa mtaa mmoja wa kijiji. Zamani Wamarekani waliuliza habari ya kipato wakati wa sensa, kila miaka kumi, kwa kuwapa karatasi ndefu ya maswali baadhi ya wenye nyumba. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2000. Tangu 2005 wameweka uchunguzi usiokatika, unaotembea kila mwezi wa kila mwaka. Hata hivyo kwa kaunti isiyofikia watu 65,000 uchunguzi huo hauthubutu kutoa namba kamili ya mwaka mmoja. Hukusanya majibu ya miaka mitano pamoja na kutoa namba moja ya miaka hiyo yote, na kando ya namba huandikwa masafa yake. Nao wenyewe huwaonya wasomaji wasilinganishe miaka mitano ya 2015 hadi 2019 na miaka mitano ya 2016 hadi 2020, maana miaka minne ni ile ile pande zote mbili. Hebu msomaji afikiri: taifa lenye mali kiasi hicho lasema kwa kijiji chake "sijui kwa mwaka mmoja", na kwetu kuna watu wanaojua kwa robo mwaka.

Wana na njia ya pili, nayo ina funzo kwetu lenye pande mbili. Kila mwaka hutoa kadirio la kipato cha nyumba ya katikati kwa kila kaunti, kubwa na ndogo. Hulipataje? Huchukua majibu machache waliyoyapata katika kaunti, kisha huangalia madaftari mengine: karatasi za kodi ya mapato, hesabu za wanaopokea msaada wa chakula, na sensa. Huangalia kote nchini kaunti zenye kodi kiasi hiki na msaada kiasi hiki huwa na kipato gani, kisha huchanganya. Pale ambapo majibu ya kaunti yenyewe ni mengi, huyaamini hayo zaidi. Pale ambapo ni machache, huegemea zaidi kwa wenziwe wanaofanana nayo. Kaunti ndogo, kwa maneno mengine, huazima nguvu kwa jirani. Fedha za Serikali Kuu yao kwa skuli za watoto masikini hugawanywa kwa kutumia makadirio ya kazi hiyo hiyo, kwa hivyo si mchezo wa wasomi.

Upande mmoja wa funzo ni kwamba inawezekana kukadiria. Upande wa pili ni kwamba anayeazima kwa jirani huvaa na sura ya jirani. Lau Micheweni itakadiriwa kwa kuegemezwa Wete, itaonekana kama Wete. Ilhali kila anayetoka Konde akaelekea Maziwang'ombe ameona kwa macho yake udongo unavyokwisha na mawe yanavyoanza. Upande huo wa mashariki mkarafuu hauna pa kushika. Watu wake huishi kwa bahari, mwani, mifugo kidogo na mawe ya kuvunja. Kadirio lolote linalopita hapo bila ya kuuliza mlango kwa mlango litawapa watu wa maweni utajiri wa watu wa mabondeni.

Sasa tuje katika neno "kipato" lenyewe. Mwajiriwa wa Serikali anajua mwisho wa mwezi atapokea nini. Muulize mvuvi wa Tumbe alipata kiasi gani katika miezi kumi na miwili iliyopita. Kuna bamvua na kuna maji mafu; kuna miezi ya kusi ambayo chombo hakitoki; kuna siku alizokwenda dago na kurudi na fedha, na siku alizorudi na deni la mafuta ya mashine. Atakupa namba kwa heshima ya mgeni, lakini namba hiyo si hesabu. Mama anayelima mwani hupata fedha siku ya kupima, kisha hukaa majuma hana kitu, na bei huambiwa, haulizwi. Tena kuna muhogo unaochimbwa nyuma ya nyumba, nazi iliyoanguka, samaki wa kitoweo aliyetolewa kabla ya kuuzwa. Hivyo vyote ni kipato, na mtafiti asipovitia thamani ya bei ya sokoni ataiandika nyumba kuwa masikini kuliko ilivyo. Na kuna kile kinachotoka kwa mtoto aliyeko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Oman, ambacho wengine hukitaja na wengine hukificha kwa haya au kwa hadhari. Ndiyo maana watakwimu wanaopima mashamba hupendelea kuuliza matumizi: mtu husahau alichopata kuliko alichokula. Sisi twaikubali hoja hiyo. Tunachotaka ni kwamba isiitwe "kipato" kitu kilichopimwa kwa matumizi, kwani nyumba inaweza kutumia leo kwa kukopa dukani au kwa kuuza ng'ombe wake wa mwisho.

Na karafuu! Mkarafuu hauzai kwa kalenda ya mtakwimu. Kuna mwaka mkubwa, ambao Pemba nzima huhamia mashambani, na kuna miaka ambayo matawi hubaki na majani matupu. Uchunguzi uliotembea mwaka mkubwa, ukilinganishwa na uliotembea mwaka wa njaa ya karafuu, utaonyesha maanguko au mafanikio ambayo hayakuwepo. Tena fedha ya karafuu ina mikono mingi: mwenye shamba, aliyekodi, wachumaji wanaolipwa kwa pishi, wanaochambua usiku kwenye majamvi. Nyumba ya katikati aghlabu si ya mwenye shamba. Ni ya mchumaji. Mwaka 2011 bei ya kununulia karafuu ilipandishwa sana kupita ile ya mwaka uliotangulia, na shangwe ilikuwa kubwa. Nayo ni katika kipindi hicho hicho, baina ya uchunguzi wa 2009/10 na ule wa 2014/15, ambapo hesabu ya umasikini wa Pemba ilipanda. Msomaji anayetaka kujua kwa nini wastani wa mali ya kisiwa hausemi habari ya nyumba ya katikati na aanzie hapo.

Lipo jambo jingine ambalo hata watu makini hulisahau, nalo ni kwamba nyumba zenyewe hazikai. Turudi katika kijiji chetu cha nyumba tisa. Tuseme zile tatu zenye kidogo zimeshindwa, zimefunga milango na kuhamia mjini. Zimebaki sita, na katikati yake ni baina ya 170,000 na 210,000, yaani 190,000. Kipato cha nyumba ya katikati kimepanda kutoka 150,000 hadi 190,000, na hakuna mtu hata mmoja aliyepata senti zaidi. Kijiji kimepunguza masikini kwa kuwasafirisha. Au tuseme hakuna aliyehama, ila katika ile nyumba ya 300,000 kijana ameoa na kujitenga, wamegawana, huyu 160,000 na baba 140,000. Sasa nyumba ni kumi, na katikati imeshuka hadi 145,000, na hakuna aliyekuwa masikini zaidi. Kumefanywa harusi tu. Kwa sababu hii kipato cha nyumba lazima kitajwe pamoja na idadi ya watu wa nyumba, na mabadiliko ya miaka lazima yatajwe pamoja na habari za waliohama na wanakokwenda. Pemba yajua habari za kuhama.

Juu ya bei hatutakawia. Shilingi 150,000 zikiwa 250,000 baada ya miaka kadhaa, na bei za vitu zikawa mara mbili, basi hizo 250,000 ni sawa na 125,000 za zamani. Umeongezewa karatasi, umepunguziwa chakula. Hili kila mwanamke anayenunua mchele wa mapembe kwa kilo analijua bila ya kusomeshwa. Neno letu ni moja tu: bei ya kupimia iwe ile inayolipwa Micheweni, ambako bidhaa hufika baada ya meli na gari na mikono mitatu, isiwe bei ya Darajani.

Kuna watakaosema: hizi ni hesabu za wasomi, zatuhusu nini sisi? Zatuhusu kwa sababu fedha hufuata namba. Mpango wa kunusuru kaya masikini chini ya TASAF, ulioanza miaka ya 2012 na 2013, uligawa nafasi kwanza kwa maeneo kulingana na makadirio ya umasikini, kisha wanakijiji wakataja walio hohehahe, kisha kaya zikapimwa kwa alama za vitu zilivyonavyo. Hatua ya kwanza ndiyo inayofungua mlango au kuufunga. Eneo likikadiriwa kuwa na nafuu kuliko lilivyo, hata sheha awe mwadilifu vipi hana nafasi za kugawa, na bibi kizee aliyestahiki hukaa nje ya orodha wala asijue kwamba aliyemtoa si sheha bali ni hesabu. Twajua namna ugomvi unavyozuka vijijini siku za kusoma majina. Aghlabu hutukanwa mtu asiyehusika.

Basi tunayoyataka si mengi, na hakuna hata moja lililo muhali. Tunataka kila uchunguzi utakapotoka, kila wilaya itajiwe kipato na matumizi ya nyumba ya katikati, na kando yake masafa ya namba hiyo, yaandikwe kwa Kiswahili chepesi katika karatasi itakayobandikwa kwa sheha. Tunataka miaka yote tangu 2004/05 ihesabiwe upya kwa kanuni moja na kuwekwa katika jedwali moja, ili asiweze mtu, wa Serikali wala wa upinzani, kuchanganya dhiraa na yadi. Pale ambapo nyumba zilizoulizwa ni chache mno, tunataka iandikwe waziwazi kwamba ni chache mno. Kwetu hilo ni jibu la heshima kuliko namba ya kupendeza.

Na tunataka madaftari yaliyopo yatumike. Mvuvi na mkulima wetu hawajazi karatasi za kodi ya mapato kama Wamarekani, lakini karafuu kavu kwa sheria huuzwa kwa ZSTC, na kila kituo cha kununulia huandika kilo ngapi zimepokewa na fedha ngapi zimelipwa. Kwa madaftari hayo mtakwimu angeweza kujua mwaka upi ulikuwa mkubwa na upi mdogo, kituo kwa kituo, na kuusahihisha uchunguzi wake kwa hilo. Hayatamwambia mchumaji alilipwa nini, wala hayatahesabu karafuu iliyovuka usiku kwenda Kenya; hayo yataulizwa nyumbani. Lakini jumla za kila kituo, bila ya jina la mkulima yeyote, zaweza kutangazwa kila msimu unapofungwa, na kazi hiyo haihitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka nje. Wawakilishi wetu na waliombe jambo hili Barazani katika kikao cha bajeti, kwa maswali ya maandishi, wilaya kwa wilaya, kuanzia msimu wa 2004.